Nguo za Watoto wa Nepi Nene

Nianze na malalamiko, maana ndiyo mliyonibakishia. Kazi ya ushonaji nimeiacha. Cherehani nimemwachia binti yangu Hilda, macho yangu hayaoni tena tundu la sindano, na pale barazani Newala nilipokaa miaka yote nikiwashonea watoto wenu, siku hizi nakaa nikichambua choroko. Nilidhani nimepumzika. Lakini haipiti wiki bila mmoja wenu kunijia na mfuko mkononi. Shikamoo Mama Hilda. Marahaba. Eti hii nguo ya mtoto haifungi, naomba unitanulie kidogo.

Kidogo! Neno hilo litaniua kabla ya presha. Nguo ya mtoto haitanuliwi kidogo, wajukuu zangu. Inaongezwa kitambaa, tena kinaongezwa pale inapobana, siyo pale unapopaona wewe. Mnaniletea nguo imekaza katikati ya mapaja, mnataka nifumue ubavuni. Nikifumua ubavuni mtoto anapata upepo mbavuni na mapaja yanabaki yamebanwa vilevile. Kisha mnasema Mama Hilda amezeeka, mkono umeharibika. Basi leo nawaandikia mara moja, mkimaliza kusoma mniache na choroko zangu.

Tuelewane kwanza shida iko wapi. Hizi nguo za mitumba mnazogombania zimeshonewa watoto wanaovaa nepi za kutupa, zile nyembamba za dukani. Mtoto wa huko zilikotoka akilowa, nepi inatupwa, anavalishwa nyingine. Mtoto wa Newala anavalishwa vitambaa vya khanga vilivyokunjwa, kimoja juu ya kingine, na akilowa anasubiri. Anasubiri kwa sababu maji ya kufulia yanapandishwa kutoka bondeni, na mama yake hawezi kufua kila saa. Mama wa huku anakunja nepi nene makusudi ili idumu. Matako ya mtoto yanakuwa makubwa kuliko kichwa chake. Sasa wewe unachukua kijisuruali kilichokatwa kwa ajili ya matako madogo, unamkaba nacho mwanao, unashangaa analia.

Halafu mnasoma lebo. Jamani, hizo lebo! "Mama Hilda, imeandikwa miezi sita, na huyu ana miezi minne tu." Miezi sita ya nani? Aliyeandika lebo hajawahi kuona khanga iliyokunjwa mara tatu. Pale sokoni Masasi kuna kijana anaitwa Issa, anauza mitumba, nilikuwa mteja wake wa kudumu. Akiniona tu anapaza sauti, "Mama Hilda, leo nimefungua belo la watoto, gredi ya kwanza kabisa, njoo ujionee!" Namwambia niondolee gredi yako, nipe nafasi nipime kwa ngumi. Wateja wengine wanacheka, lakini kipimo changu cha dukani ni hicho hadi leo. Funga vifungo vyote vya chini, ingiza ngumi zako mbili zilizogusana pale kati ya mapaja, kisha vuta mabega ya nguo juu. Ngumi zikikaa na mabega yakinyooka, nunua. Ikikataa, rudisha chini, hata kama ina picha ya dubu na inauzwa kwa bei ya bure. Nguo ya bei ya bure isiyofunga ni ghali, kwa sababu baada ya hapo utakuja kwangu.

Na mkiona ya kuvutika, yaani kitambaa cha kufumwa kama cha fulana, chukueni hiyo, jinzi muiache. Sijui nani aliwadanganya kuhusu jinzi. Baba mmoja alitoka Tandahimba ameuza korosho zake, mfuko umejaa, mtoto wake wa kwanza wa kiume yuko nyumbani na kitovu hakijakauka vizuri. Akanitaka nimshonee suruali ya jinzi yenye zipu na mifuko minne. Nikamwuliza, mifuko ya nini baba, ataweka funguo za pikipiki? Akasema yeye hataki mwanawe avae gauni kama msichana. Nikamweleza kwamba zamani watoto wote wa huku walivaa vigauni, wa kike kwa wa kiume, kwa sababu gauni halina habari na nepi. Hata iwe nene namna gani, gauni linapita juu yake. Yeye mwenyewe alipozaliwa alivaa gauni, wala halikumzuia kuota ndevu. Hakunielewa. Alikwenda kwa fundi mwingine, na nilikutana na mkewe baadaye amembeba mtoto kavaa jinzi hiyo, zipu wazi, nepi imechomoza mbele, mifuko yote minne mitupu.

Msidhani nilizaliwa nikiyajua haya. Nimetoka Lulindi, nimefundishwa ushonaji kwenye ukumbi wa parokia na mwanamke mmoja tuliyemwita Mama Yustina. Alikuwa mkali, mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, na alikuwa hasifii mtu. Nguo yangu ya kwanza ya mtoto niliikata kama tunavyokata ya mtu mzima, mbele na nyuma sawasawa. Niliona fahari. Mtoto wa dada yangu akaivaa kwenda kanisani, na akiinuliwa nguo inamkaba shingo, akikalishwa inateremka nyuma, nepi yote nje, wanakwaya wanashindwa kuimba kwa kicheko.

Mama Yustina hakunigombeza. Jumatatu yake alileta mto wa kulalia, akaniambia niuingize ndani ya sketi yangu, nyuma, niubane na mkanda. Kisha mbele ya darasa zima akasema kaa. Nikakaa. Simama. Inama uokote chaki. Tembea mpaka mlangoni. Sketi ilipanda nyuma mpaka nikaona aibu, mbele ikaning'inia. Wenzangu wanagaagaa sakafuni. Yeye akanitazama tu na miwani yake, akasema, "Sasa umeshakuwa mtoto. Nyuma kumekula kitambaa chote. Kwa hiyo unakata nyuma kwanza, ndefu na ya kutosha, halafu ndipo unaiuliza mbele inahitaji nini." Nilichukia wiki nzima. Lakini sijawahi tena kukata nyuma na mbele sawasawa, na nyie mnaojifunza kwa kutazama video kwenye simu, shikeni mto mmoja mjaribu.

Sasa nije kwenye habari ya Somoe, maana hiyo ndiyo iliyonichosha roho kuliko zote, na ndiyo iliyonifundisha kazi nilipokuwa tayari najiona nimeimaliza. Ilikuwa katika miaka yangu ya mwisho ya kushona.

Somoe aliolewa hapa jirani yangu akitokea Chiungutwa. Bondeni kule kuna joto, mtoto anakaa na kipande cha khanga tu kiunoni na hana neno. Huku juu, mwezi wa sita na wa saba upepo unakata, asubuhi ukungu umekaa mpaka jua liwe juu, na nguo ukianika leo hujui itakauka lini. Mumewe msimu huo hakai nyumbani, yuko shambani upande wa Tandahimba akipulizia mikorosho dawa. Nyumba anabaki nayo mkwewe, Bi Mwanahawa, jirani yangu wa siku nyingi, ambaye mkikaa naye asubuhi mtagombana na jioni mtapelekeana mboga.

Mtoto wa kwanza wa Somoe alizaliwa kipupwe kinaanza. Walimleta barazani kwangu akiwa mchanga bado, nikampima kwa tepu yangu, kifua, urefu, mapaja, nimshonee nguo ya kutolewa nje mara ya kwanza. Sijamaliza kutia vifungo, mtoto akashikwa na kifua. Walimkimbiza hospitali na hakurudi. Sitaongeza neno hapo. Nilikwenda kukaa nao matangani, na nguo ile sikuwapelekea.

Mwaka uliofuata Somoe akabeba mimba tena, na safari hii hakuna aliyethubutu kununua hata kisoksi. Huku kwetu wengi hawanunui nguo ya mtoto aliye tumboni, wanaona ni kumwita kwa pupa. Mimi nimebishana na desturi hiyo maisha yangu yote, kwa sababu matokeo yake ni kwamba mtoto anatoka na hana cha kuvaa, ndugu wanakimbia sokoni kichwa chini miguu juu, wanarudi na chochote. Na ndivyo ilivyokuwa. Mtoto wa kiume alizaliwa, mdogo kuliko mwenzake, tena katikati ya baridi, na mashangazi wakaleta mfuko wa mitumba kutoka Masasi. Nzuri kwa macho, zote za nepi nyembamba. Hakuna hata moja iliyofunga.

Somoe alinijia asubuhi moja macho yamevimba.

"Shikamoo, Mama Hilda."

"Marahaba mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Anakohoa," akasema, na akaanza kulia palepale.

Nikamkalisha. Akanieleza kwamba nguo akizifunga mpaka chini, nepi nene haiingii, inabidi apunguze vitambaa, na mtoto akikojoa mara moja tu maji yanafika mgongoni, analala amelowa. Akiacha nepi nene, vifungo havifungi, tumbo na kiuno viko wazi, upepo unampiga. Nesi wa zahanati alishamwambia mtoto akae mkavu na mgongo ufunikwe. "Sasa nifanye lipi?" akaniuliza. "Nikimfunika analowa, nikimkausha anabaki wazi."

Mnaona? Mtu anaweza kudhani habari za vifungo vya nguo ya mtoto ni mambo ya urembo. Kwa Somoe lilikuwa suala la kama mwanawe atafika mwisho wa kipupwe. Aliogopa, na mimi niliogopa pia, ila nikajifanya nakasirika kwa sababu ndivyo nilivyo.

Nikachukua tepu yangu, nikajitanda, nikaenda naye kwao. Bi Mwanahawa alikuwa mlangoni. Akaitazama tepu shingoni mwangu kabla hajanitazama mimi.

"Hiyo irudishe kwako," akasema. "Ntoto hapimwi."

"Bi Mwanahawa, nataka kumshonea nguo."

"Shona. Lakini hapimwi."

"Nitashonaje bila kumpima? Mbona kliniki wanampima?"

"Kule wanampima kwa nzani. Hiyo ya shingoni ndiyo iliyompima nwenzake." Akasimama katikati ya mlango, mikono kiunoni. "Ulimpima kwa tepu hiyohiyo, Mama Hilda. Sikulaumu. Lakini huyu hapimwi, wala hatolewi nje ila kliniki tu."

Mnajua inavyouma? Miaka yote nawashonea watu, tepu yangu haijamdhuru hata kuku, leo naambiwa hivyo mlangoni kwa jirani. Niliondoka bila kuaga, hasira zimenipanda mpaka masikio yanawaka. Nikafika nyumbani nikamgombeza Hilda kwa kosa ambalo hata silikumbuki.

Hasira zilipotulia nikaona mtoto bado anakohoa. Basi nikamwita Somoe anionyeshe ukubwa kwa mkono. Akanyoosha mkono wake, akaweka kiganja juu kidogo ya kiwiko. "Anaanzia hapa, anaishia kwenye vidole." Nikashona kwa hesabu hiyo. Haikuingia. Mtoto hayuko kama mkono, mkono hauna matako. Nikashona ya pili, nikaipanua nyuma kama alivyonifundisha Mama Yustina, nikaongeza na ya ziada kwa hofu. Somoe akarudi kunieleza. Mtoto alikuwa anatumbukia ndani, shingo ikiingia, mikono ikipotelea, halafu pamoja na ukubwa wote huo mbele bado ilikuwa inavutana na vifungo vinaachia. Kubwa kila mahali isipokuwa pale tu panapohitajika! Nilitaka kuitupa cherehani barabarani. Kitambaa nacho kilikuwa kimeniishia, flaneli nzuri huku ni bei, na Somoe hakuwa na kitu.

Hapo ndipo nilipokwenda Masasi kwa Issa, na hapa sikilizeni vizuri wale mnaotafuta nguo za bei nafuu. Masasi kuna joto. Masweta ya watu wazima yakija kwenye belo, hakuna anayeyataka, yanalala chini kabisa ya lundo na Issa anayalaani. Nikamwambia nipe hayo mazito ya kufumwa, yenye mikono mirefu, usinipe yaliyoliwa na panya. Akacheka, "Mama Hilda, Newala mmepatwa na nini? Chukua yote, yananijazia nafasi tu." Nikarudi nayo robo ya gunia kwa bei ambayo hainunui kijisuti kimoja cha dukani.

Mkono wa sweta la mtu mzima ni mguu wa suruali ya mtoto. Usikate kitu pale kwenye kifundo cha mkono, ule mfumo wake wa kubana tayari umeshashonwa na kiwanda, unakaa kwenye kisigino cha mtoto na upepo haupandi. Unakata mikono miwili juu kwenye bega, unaipasua upande wa ndani, na kati yake unatia kipande cha pembe nne kutoka kifuani mwa sweta hilohilo au jingine. Kipande hicho ndicho nyumba ya nepi. Kikiwa kikubwa cha kutosha, mtoto anatanua miguu yake kama anavyotaka. Sehemu ya mgongo wa sweta unaipandisha iwe mgongo na kifua cha mtoto, unaweka mikanda mabegani, na kila mkanda matundu matatu ya vifungo ili nguo irefuke mtoto anavyorefuka.

Lakini kipande hicho kiwe kikubwa kiasi gani? Hapo ndipo nilipokwama tena, nimekaa na masweta mapajani, sijui nikate wapi. Nikikosea, sweta limekwisha.

Bi Mwanahawa akatokea. Alikuwa anatoka mashineni kusaga, mfuko wa unga wa muhogo kichwani, na ile nguo yangu ya pili, kubwa, ameishika mkononi kama mtu aliyekuja kurudisha samaki aliyeoza.

"Mama Hilda, hii umenshonea nani? Baba yake?"

"Nimeshona kwa kukisia!" nikapayuka. "Umenikataza kupima, nishone kwa ramli? Miaka yote hii mimi fundi, leo nashona nguo za vichekesho kwa ajili yako! Na mtoto anakohoa, namsikia mpaka huku!"

Nilidhani atanijibu, maana hajawahi kushindwa neno. Badala yake akautua mfuko wa unga mkekani kwangu, akaomba beseni. Akaanza kuumwaga unga kwenye beseni, anaunyanyua mfuko kwa mikono miwili, anaupima uzito, anapunguza, ananyanyua tena. Mara akasita, akarudisha konzi moja. Akaufunga mfuko kwa kamba juu, akaufunga tena katikati, pakawa na sehemu ndogo kama kichwa na sehemu kubwa kama kiwiliwili. Kisha akavua khanga yake ya begani.

"Tazama," akasema. "Hivi ndivyo anavyofungwa."

Akaikunja winda, yeye nepi anaiita winda. Mraba kwanza, kisha pembe, kisha akachukua kitambaa kingine kwangu akakikunja kirefu akakilaza katikati. Na sasa ndipo nikaona. Kile kirefu alikigeuza mbele, akakirundika mbele, kwa sababu mtoto wa kiume analowesha mbele. Mimi miaka yote nilikuwa napanua nyuma! Mama Yustina alinifundisha kwa mto uliofungwa nyuma, na sikuwahi kujiuliza kama mto ungeweza kufungwa mbele. Wale wasichana niliowashonea nguo zilikaa vizuri, wavulana zilivutana mbele, nami nikawa nalaumu mama zao kwa kutojua kufunga.

Akamaliza fundo pembeni, siyo katikati, ili lisimuumize tumbo. Akauinua ule mfuko, akauweka begani kwake, akaupigapiga mgongo taratibu. Nadhani hakujua kwamba anaupigapiga. Uso ameugeuzia barabarani.

"Yuko hivi," akasema. "Nwenzake alikuwa nzito zaidi." Na machozi yakamtoka, huyu mwanamke ambaye matangani nilimwona anagawa chakula na kuwakemea waliojaza sahani.

Nikaitoa tepu shingoni, nikaishika tu.

Akauweka mfuko mapajani kwangu. "Huo ni unga," akasema. "Upime utakavyo."

Nikaupima. Nilipima kuzunguka winda, nikapima kutoka kitovuni kupita chini mpaka kiunoni nyuma, nikapima upana pale kati ya mapaja ambapo mfuko ulikuwa umevimba kushinda kote. Bi Mwanahawa aliangalia pembeni wakati wote, lakini nilipomaliza akasema ongeza kidole kimoja, usiku anavalishwa winda mbili. Hata hapo hakuacha kunielekeza. Vipimo hivyo ndivyo vilivyokuwa vikubwa mbele kuliko vyote nilivyowahi kukata, na niliona haya kukata, ila nikakata.

Nguo ile ilikuwa mbaya kwa sura, niseme ukweli. Sweta lilikuwa la rangi ya haradali, na kipande cha kati kilitoka kwenye jingine la bluu. Ingekuwa leo mngenicheka kwenye simu zenu. Somoe alikuja mbio mchana, hajavaa hata ndala. "Imefunga! Mama Hilda, imefunga yote, na winda ziko mbili ndani, na mgongo umefunikwa mpaka shingoni!" Nikamwambia apunguze kelele, akakaushe nepi zake. Kisha nikaingia ndani nikapiga magoti kitandani, nikasali.

Nikashona nyingine mbili kwa kubadilishia. Kazi iliyobaki ilikuwa ya Somoe mwenyewe. Nilimwambia aache taulo, taulo haikauki kwenye ukungu. Vitambaa vingi vyembamba ni bora kuliko kimoja kinene, kwa sababu kila kimoja kinakauka peke yake. Nilimwambia apige pasi kila nepi hata kama imekauka, ya mkaa inatosha, wadudu wanaotaga kwenye nguo mbichi wanakufa. Alifanya yote.

Mimi kila asubuhi nilikuwa natazama kamba yao ya kuanikia. Nepi zikiwa juu ya kamba, nasema mtoto yupo. Asubuhi moja kamba ilikuwa tupu. Nikasubiri, bado tupu. Nikaacha uji jikoni nikaenda, sijui nilivukaje barabara, nikamkuta Bi Mwanahawa jikoni anapiga pasi nepi kwa utulivu wake wote.

"Kuna manyunyu," akasema. "Nianike wapi?"

"Si mngeniambia!" nikapiga kelele. "Mnataka kuniua na mimi?" Uji wangu niliurudia umeungua.

Kikohozi kilipungua, kikarudi, kikapungua. Mumewe Somoe alirudi kutoka shambani, akakuta mwanawe amevaa haradali na bluu, akauliza kwa nini amevishwa kama kituko, na mama yake akamjibu jibu ambalo siwezi kuliandika hapa. Upepo ulipoanza kulegea na mikorosho kuchanua, nilikuwa barazani natia uzi kwenye bobini, nikasikia hatua, nikainua uso.

Bi Mwanahawa amembeba mtoto mgongoni, mchana kweupe, watu wanapita. Ndiyo kwanza namwona mtoto huyu akiwa nje. Mashavu yamejaa, nguo yangu ya sweta imemkaza mpaka kitambaa kimeonyesha ngozi, mikanda yote iko kwenye tundu la mwisho na kifungo kimoja kimeshang'oka.

"Mama Hilda, wewe fundi gani?" akasema. "Ona ulivyombana ntoto. Hata kupumua hapumui."

"Niliishona kwa mfuko wa unga," nikasema. "Mfuko haunenepi."

Akafungua mbeleko, akamtoa mtoto, akaniwekea mapajani. Alikuwa mzito. Nikamshika kwa mikono miwili, sikuigusa tepu, iko shingoni kwangu nami naiogopa kama nyoka.

"Sasa unangoja nini?" Bi Mwanahawa akasema. "Mpime."

Nikamlaza mkekani, nikaifungua tepu. Nikashindwa kusoma namba, ikabidi nianze upya kifuani. Yule mtoto hakutulia hata kidogo, alipiga mateke, akaikamata ncha ya tepu, akaitia mdomoni akaitafuna na mate yakimtiririka, nami nikaivuta, naye akaivuta, na bibi yake akakaa pembeni kwenye mkeka akatazama yote hayo.